Adabu ya mizigo ya mkononi ndani ya ndege

'''Adabu ya mizigo ya mkononi ndani ya ndege''' ni jumla ya kanuni na desturi zinazohusu jinsi abiria wanavyobeba, wanavyopanga na wanavyoshusha mizigo wanayoingia nayo ndani ya ndege, hasa matumizi ya makabati yaliyo juu ya viti. Baadhi ya kanuni hizo zimewekwa na mashirika ya ndege na mamlaka za usafiri wa anga. Nyingine hazijaandikwa popote, bali ni ustaarabu unaotokana na ukweli kwamba kabati la juu ni mali ya wote na nafasi yake haitoshi kila mtu kuweka anachotaka.

Suala hili huonekana dogo, lakini linagusa mambo matatu makubwa: muda wa ndege kuondoka, usalama wa abiria ndege inapotikisika angani, na uwezo wa watu wote kutoka haraka inapotokea dharura.

== Maana na aina ==

Mizigo ya abiria wa ndege hugawanyika katika sehemu mbili. Ya kwanza ni ''mzigo wa kupakiwa'', unaopimwa kaunta, kufungwa lebo na kuwekwa katika tumbo la ndege. Ya pili ni ''mzigo wa mkononi'', ambao abiria huingia nao mwenyewe na kuutunza mwenyewe hadi mwisho wa safari.

Mashirika mengi huruhusu mzigo mmoja wa mkononi pamoja na kitu kidogo cha binafsi kama vile mkoba, kompyuta mpakato au mfuko wa mahitaji ya mtoto. Uzito wa kilo 7 ni kiwango cha kawaida katika daraja la uchumi kwa mashirika mengi yanayohudumia Afrika Mashariki, ingawa yapo yanayoruhusu zaidi. Vipimo hutofautiana pia, lakini begi lenye urefu wa takriban sentimita 55 ndilo linalokubalika na mashirika mengi.

Mahali pa kuweka mzigo wa mkononi ni pawili tu: katika kabati la juu au chini ya kiti kilicho mbele ya abiria. Hairuhusiwi kuuacha katika njia ya katikati, mbele ya mlango, au miguuni kwa abiria aliyeketi kwenye safu ya mlango wa dharura, wakati ndege inaporuka na inapotua.

== Historia ==

Katika ndege za abiria za zamani, juu ya viti palikuwa na rafu zilizo wazi. Zilikusudiwa kwa ajili ya kofia, makoti na mablanketi, si mabegi mazito. Makabati yenye milango yalienea baada ya kuanza kwa ndege kubwa kama Boeing 747, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1970. Mlango wa kabati ulizuia vitu kuwaangukia watu, lakini pia uliwafanya abiria waone kwamba wanaweza kupandisha mizigo mikubwa zaidi.

Mabadiliko mengine yalikuja mwaka 2008, mashirika makubwa ya Marekani yalipoanza kutoza ada kwa begi la kwanza la kupakiwa. Abiria wengi waliamua kuingia na mabegi yao ndani ili kukwepa ada, na nafasi ya makabati ikawa jambo la kugombewa.

Nchini Tanzania utaratibu wa namna hiyo uliletwa na Fastjet, iliyoanza safari zake Novemba 2012 kati ya Dar es Salaam, Mwanza na Kilimanjaro. Tiketi zake zilikuwa za bei nafuu, lakini mzigo wa kupakiwa ulilipiwa kando. Shirika hilo liliacha safari za Tanzania mwishoni mwa 2018. Hata hivyo, desturi ya kubana kila kitu katika begi moja la kuingia nalo ndani haikuondoka nalo.

== Nafasi iliyopo katika ndege za Afrika Mashariki ==

Ukubwa wa makabati hutegemea aina ya ndege. Ndiyo sababu begi lililoingia bila shida katika safari moja huweza kukataliwa katika safari inayofuata, hata kama shirika ni lilelile.

* '''Boeing 787 na Airbus A220''', ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2018, zina makabati makubwa yanayopokea mabegi ya magurudumu ya kawaida.
* '''Dash 8 Q400''', inayotumiwa na Air Tanzania tangu 2016 na yenye viti 76 katika shirika hilo, ina makabati mafupi. Mabegi mengi magumu ya magurudumu hayaingii.
* '''ATR 42 na ATR 72''', zinazotumiwa na Precision Air, nazo zina makabati madogo. Mkoba laini wa kubeba mgongoni huingia kwa urahisi kuliko begi gumu la ukubwa uleule.
* '''Cessna Caravan''' na ndege nyingine ndogo zinazokwenda Zanzibar, Mafia na kwenye hifadhi za wanyama hazina makabati ya juu kabisa. Mizigo huwekwa katika sehemu iliyo chini ya ndege, na kwa kawaida abiria hutakiwa kuja na begi laini lisilozidi kilo 15, mzigo wa mkononi ukiwa ndani ya hesabu hiyo.

Ndege za aina ya Q400 na ATR ndizo zinazofika katika viwanja vyenye njia fupi za kurukia, kikiwemo cha Bukoba. Kwa hiyo abiria wa Kagera hukutana na makabati madogo mara nyingi kuliko abiria wanaosafiri kati ya miji mikubwa.

== Safari ya abiria kutoka Benaco ==

Benaco ni mji mdogo katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, kando ya barabara kuu itokayo Lusahunga wilayani Biharamulo kwenda mpaka wa Rusumo. Jina lake limetokana na kampuni ya ujenzi ya Italia iliyojenga barabara katika eneo hilo. Mwaka 1994 jina hilo lilijulikana duniani kote kutokana na kambi ya wakimbizi wa Rwanda: kuanzia tarehe 28 Aprili watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wengi wakiwa na kile tu walichoweza kukibeba kichwani na mikononi.

Leo Benaco ni kituo cha malori na mabasi, na hakina uwanja wa ndege. Mkazi wa Ngara au Biharamulo anayetaka kusafiri kwa ndege huanza safari barabarani. Anaweza kwenda Mwanza au Bukoba, au Chato, wilaya iliyokuwa sehemu ya Biharamulo na ambako kuna Uwanja wa Ndege wa Geita. Anaweza pia kuvuka Rusumo na kwenda Kigali. Kwa hiyo begi lilelile hupitia taratibu mbili au tatu tofauti kabla ya kufika juu ya kiti.

Ndani ya basi, mzigo mkubwa huingia kwenye buti, mdogo huwekwa kwenye rafu ya juu, na unaobaki hukaa miguuni au mapajani. Kondakta huweza kupanga upya mizigo njiani, na abiria huulizana kwa sauti, "Mwenye begi hili ni nani?" Hakuna anayepima sentimita. Uwanjani mambo hubadilika: uzito hupimwa, visu na vimiminika huondolewa, na begi lisiloingia kwenye kipimo hutozwa ada au hupakiwa chini.

Kutokana na tofauti hiyo, uamuzi muhimu hufanyika nyumbani kabla ya kupanda basi. Anayejaza kila kitu katika begi moja kubwa hulazimika kulifungua sakafuni mbele ya foleni ya watu. Anayegawa mizigo yake mapema, yaani dawa, hati, fedha na simu katika mfuko mdogo, na nguo na zawadi katika begi la kupakiwa, hupita bila kuwachelewesha wenzake.

Anayevuka Rusumo anapaswa pia kuangalia vifungashio. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na Tanzania bara ilifanya hivyo kuanzia 1 Juni 2019. Tangu 2016 kituo cha Rusumo kinahudumia nchi zote mbili kwa pamoja, na ukaguzi wa mizigo ni sehemu ya kazi yake.

== Desturi za kupanga mizigo ==

Desturi zifuatazo zinatambuliwa na wasafiri na wahudumu wa ndege katika sehemu nyingi za dunia:

# '''Kubwa juu, dogo chini.''' Kabati la juu ni kwa begi ambalo haliwezi kukaa chini ya kiti. Mkoba, kikapu na mfuko wa zawadi huwekwa chini ya kiti cha mbele.
# '''Koti na kofia huwekwa mwisho.''' Vitu laini hupangwa juu ya mabegi baada ya abiria wote kupanda.
# '''Begi huingizwa kwa upande usiokula nafasi.''' Katika makabati marefu, begi la magurudumu huingizwa kwa urefu wake, na katika makabati mapya husimamishwa kwa ubavu ili mengine yapate nafasi.
# '''Kila mtu hutumia kabati lililo karibu na kiti chake.''' Abiria wa safu ya nyuma anayeacha begi lake safu za mbele huwanyima nafasi watakaokaa hapo, ambao watalazimika kulifuata la kwao nyuma dhidi ya mkondo wa watu wakati wa kushuka.
# '''Mzigo wa mtu hausogezwi bila kuuliza.''' Inatosha kusema, "Samahani, naomba nisogeze begi lako kidogo." Katika begi huweza kuwa na dawa, chupa au kitu kinachovunjika.
# '''Mkoba wa mgongoni hubebwa mbele au mkononi''' abiria anapopita kwenye njia ya katikati, ili usiwagonge usoni walioketi.
# '''Anayepanga mzigo huingia ndani ya safu''' baada ya kuuweka, ili wengine wapite.
# '''Abiria hubeba anachoweza kukiinua.''' Wahudumu wa ndege hawalazimiki kuinua mabegi ya abiria, kwa kuwa kazi hiyo, ikirudiwa mara nyingi kwa siku, huwaumiza mgongo.

Kumsaidia mzee, mjamzito, mgonjwa au mama mwenye mtoto mgongoni ni desturi inayoheshimiwa sana. Kijana humsalimu mzee kwanza, "Shikamoo," kisha humuuliza kama angependa begi lake liwekwe juu. Kuuliza ni muhimu, kwa sababu huenda mzee anataka kubaki na begi lake karibu, likiwa na miwani, dawa au hati za hospitali.

=== Vyakula na zawadi ===

Abiria wengi wa Afrika Mashariki hawasafiri mikono mitupu. Wanaotoka Kagera hubeba senene, kahawa na ndizi. Wanaotoka Mwanza hubeba samaki na dagaa. Senene waliokaangwa na kukauka, wakiwa katika chombo kilichofungwa vizuri, hawasumbui. Samaki na dagaa wana harufu na huweza kuvuja majimaji kwenye mabegi ya wengine, hivyo mahali pao ni kwenye mzigo wa kupakiwa, ndani ya boksi lisilopitisha maji.

Asali, samli, rubisi na mafuta ya kupaka huhesabiwa kuwa vimiminika. Tangu kugunduliwa kwa njama ya kulipua ndege mjini London mwezi Agosti 2006, viwanja vingi vya kimataifa huruhusu vimiminika katika vyombo visivyozidi mililita 100 kila kimoja. Chupa ya asali ya lita moja hunyang'anywa kwenye ukaguzi hata kama ni zawadi ya mama mzazi.

== Mambo yanayobishaniwa ==

Swali linalozua ugomvi mara nyingi ni hili: je, kabati lililo juu ya kiti ni la abiria wa kiti hicho? Kwa kawaida jibu ni hapana. Tiketi humpa abiria kiti na haki ya kuingia na mzigo wa kiwango fulani, lakini haimpi kabati maalumu. Hata hivyo, ustaarabu humpa aliye karibu kipaumbele, na wahudumu hujaribu kuulinda utaratibu huo.

Mfano mmoja ni wa abiria wa safu ya kwanza. Mbele yao kuna ukuta badala ya kiti, hivyo hata mkoba wao mdogo lazima uende juu. Mabegi ya watu wa nyuma yakijaza kabati hilo, wao hubaki bila mahali popote pa kuweka kitu.

Mabishano mengine huhusu wale wanaopanda ndege mapema kwa sababu ya daraja la tiketi, na wale wanaopiga foleni muda mrefu kabla ya kuitwa. Wakosoaji husema kuwahi si sababu ya kutumia nafasi ya watu wawili. Wengine hulaumu mashirika yenyewe: yakitoza ada kubwa kwa begi la kupakiwa, huwasukuma abiria kugombania makabati. Ugomvi ukitokea, uamuzi ni wa mhudumu wa ndege, na abiria wanapaswa kuutii.

== Mzigo unaochukuliwa mlangoni ==

Makabati yakijaa, au ndege ikiwa ndogo, wahudumu huchukua baadhi ya mabegi mlangoni na kuyapakia chini. Jambo hili ni la kawaida katika ndege za Q400 na ATR, na kukataa huchelewesha safari ya wote.

Kabla ya kukabidhi begi, abiria anapaswa kutoa vitu vifuatavyo:

* dawa anazotumia kila siku, hasa insulini, ambayo huharibika ikiganda kwa baridi
* pasipoti, kitambulisho, vyeti na hati za hospitali
* fedha, simu, kompyuta na vito
* pawabenki na betri za akiba za lithiamu, ambazo haziruhusiwi katika mzigo wa kupakiwa

Orodha hii ina uzito wa pekee kwa mgonjwa anayetoka wilayani kwenda hospitali ya rufaa. Begi likichelewa siku mbili, nguo hununuliwa nyingine, lakini picha za eksirei na dozi ya dawa hazipatikani kwa urahisi.

Kisheria pia kuna tofauti. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999 unaohusu safari za kimataifa, shirika la ndege huwajibika kwa mzigo wa kupakiwa ukipotea au kuharibika ukiwa mikononi mwake. Kwa mzigo wa mkononi, huwajibika tu ikiwa hasara imetokana na kosa la shirika au watumishi wake. Ndiyo sababu lebo inayotolewa mlangoni inapaswa kutunzwa hadi begi lipatikane.

== Usalama ==

=== Vitu vinavyoanguka ===

Kabati lililojazwa kupita kiasi huweza kufunguka ndege inapotikisika. Chupa, kompyuta au begi zito likimwangukia aliyeketi huweza kumjeruhi kichwa. Kwa sababu hiyo vitu vizito na vigumu huwekwa chini ya kiti, na anayefungua kabati baada ya kutua hutanguliza mkono mmoja kuzuia kitakachoteleza.

=== Pawabenki ===

Betri za lithiamu zikiharibika huweza kuwaka moto mkali. Zinatakiwa kubebwa ndani ya ndege ili moto ukianza uonekane na kuzimwa mapema. Kiwango cha kawaida ni wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika. Pawabenki ya miliampia-saa 20,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 74, hivyo iko ndani ya kiwango.

Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan iliungua ikiwa ardhini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Moto ulianzia katika kabati la juu sehemu ya nyuma, na uchunguzi wa awali ulielekeza kwenye pawabenki. Watu wote 176 walitoka salama. Tangu Machi mwaka huo Korea Kusini inakataza kuweka pawabenki katika makabati ya juu. Emirates, inayotumiwa na wasafiri wengi wa Afrika Mashariki, ilipiga marufuku matumizi yake ndani ya ndege kuanzia 1 Oktoba 2025, na inataka iwekwe chini ya kiti au katika mfuko wa kiti.

=== Kuondoka kwa dharura ===

Kanuni ya mwisho ya mzigo wa mkononi ni kuuacha. Ndege kubwa za abiria hupewa cheti baada ya kuthibitishwa kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu tu ya milango. Hesabu hiyo haina muda wa kufungua makabati. Begi huziba njia, humwangusha aliye nyuma, na huweza kutoboa mtelezo wa dharura.

Tarehe 3 Agosti 2016, ndege ya Emirates iliyotoka India ilianguka kwenye njia ya kurukia mjini Dubai. Picha za video zilionyesha abiria wakishusha mabegi huku moshi ukijaa. Watu wote 300 waliokuwemo walinusurika, lakini zimamoto mmoja alifariki dunia ndege ilipolipuka muda mfupi baadaye. Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani katika uwanja wa Haneda, Tokyo, na kuwaka moto. Abiria waliacha mizigo yao, na watu wote 379 waliokuwemo katika ndege hiyo ya abiria walitoka hai, ingawa watu watano wa ndege ya walinzi wa pwani walifariki.

Mkoa wa Kagera una kumbukumbu yake. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili, na 24 waliokolewa. Wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika kusaidia. Ajali hiyo haikusababishwa na mizigo ya abiria, lakini ilionyesha jinsi ndege ndogo iliyo majini inavyowaachia watu muda mfupi na njia nyembamba ya kutokea.

Kwa hiyo wahudumu wanaposema "Acheni mizigo yenu," agizo hilo halina ubaguzi kwa mkoba mdogo wala begi lenye fedha. Anayebeba pasipoti na simu mwilini tangu mwanzo wa safari hana sababu ya kugeuka nyuma.

== Tazama pia ==

* Air Tanzania
* Benaco
* Bukoba
* Precision Air
* Rusumo
* Wilaya ya Biharamulo
* Wilaya ya Ngara